Mawe Kiunoni

Daktari wa misheni alikuwa amesema maneno mengi, lakini Mektrida aliondoka na machache tu. "Maadamu anakohoa, msiogope. Akinyamaza ndipo muogope."

Tangu Jumapili, basi, mama huyu hakulala wala hakula sawasawa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kikohozi. Mwanawe Eliona, binti wa miaka mitano, alikuwa ametia punje za kahawa mdomoni pale kwenye chanja cha kuanikia, akachekeshwa na wenzake, akavuta pumzi. Punje moja ikaacha njia ya chakula ikashika njia ya hewa. Chombo kirefu cha kuitolea hakikuwapo misheni, wala Moshi mjini, kilikuwa Nairobi. Kwa lori ni kutwa nzima ya vumbi, na vumbi daktari alilikataza. Kwa garimoshi ni kuzunguka hadi Voi kwanza. Ilibaki ndege, ile ndogo inayotoka Tanga kwenda Nairobi kupitia Moshi kila Jumatano na Jumamosi, na misheni ikatoa nauli ya mama na mtoto. Baba hakupata kiti.

"Punje ikilowa huvimba," daktari alimwambia Sirili, mume wa Mektrida, kwa upole, kama anayemfunza jambo jipya.

Sirili hakuhitaji kufunzwa. Alikuwa mpimaji wa kahawa wa chama cha ushirika huko Uru, mlimani, mwaka wa tisa sasa. Alijua punje inavyovimba ikilowa, na huchukua saa ngapi. Ndiyo maana aliogopa kuliko daktari alivyotaka aogope.

*

Jumatano alfajiri waliteremka na lori la chama. Dereva alikuwa Yakobo, jirani yao, na njia nzima hakusema ila "Shikeni vizuri" kila penye shimo.

Alikuwa na sababu ya kununa. Msimu uliopita Sirili alimwaga gunia la kahawa la Yakobo mbele ya foleni nzima, akatoa jiwe ndani yake, akalinyanyua juu watu walione. Jioni ile ile Yakobo alikwenda kwake na jani la isale mkononi. Mchagga akiletewa isale husamehe, hata kama kosa ni la damu. Sirili akamwambia, "Mizani haijui isale," na jina la Yakobo likasomwa mkutanoni pamoja na majina ya wezi. Sasa, akiwa amebanwa kati ya mlango wa lori na mkewe, Sirili aliwaza jambo ambalo Mkatoliki hapaswi kuliwaza: kwamba isale lililokataliwa halipotei, hurudi kudai kwa njia yake. Alipiga ishara ya msalaba kisirisiri. Eliona akakohoa, na wote watatu wakashusha pumzi.

Mektrida naye alikuwa na lake. Chini ya koti na magauni mawili alikuwa amejifunga kitambaa chenye mawe saba ya mtoni, na mawe yalikuwa yameanza kumchubua.

Ilikuwa hivi. Kornelia, mama mmoja wa Uru aliyekuwa akifua nguo za Wazungu mjini, alimwambia kwamba uwanja wa ndege watu hupandishwa kwenye mizani kabla ya kusafiri. "Kama kahawa," alisema. "Asiyefaa hurudishwa." Kornelia hakujua zaidi ya hapo, na Mektrida hakuona haja ya kuuliza zaidi. Maisha yake yote alikuwa ameosha kahawa. Punje nzito huzama, ikaenda kwenye gunia. Punje nyepesi huelea, ikachotwa na kutupwa. Eliona alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega ikaonekana. Nani angempakia mtoto wa kuelea? Ndipo akaenda mtoni kuokota mawe. Mumewe hakumwambia, kwa kuwa alijua mumewe ni mtu wa namna gani penye mizani.

Anayetaka kucheka na acheke. Lakini aliyekaa siku tatu akisikiliza pumzi za mtoto wake hatacheka sana.

*

Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi zilizofyekwa, ghala la petroli, kibanda cha bati chenye mtambo wa redio, na uzio wa waya wa miiba. Karani, kijana wa mjini aliyeitwa Salehe, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama, alimzuia Sirili langoni.

"Shikamoo mzee. Hapa wanaingia abiria tu."

"Marahaba. Huyu ni mke wangu, na mtoto ni mgonjwa."

"Nimekuelewa, mzee. Lakini ni abiria tu. Sheria si yangu."

Sirili akabaki nje ya waya. Yakobo, ambaye angeweza kuondoka na lori lake, hakuondoka. Alifungua boneti akajifanya anatazama injini.

Ndani, Mektrida alipanda kwenye mizani na mtoto mgongoni. Salehe alisukuma kijiwe cha chuma kwenye mkono wa mizani, akasoma, akaandika, akapima na kikapu cha ndizi na kibuyu cha mtori. "Haya mama, kaeni kule." Basi, hakurudishwa. Alimshukuru Mungu, na mawe yake akayashukuru pamoja.

Benchi la kivulini lilikuwa la Wazungu. Mektrida alikaa chini, ubavuni mwa ghala la petroli, pamoja na Bi Mwantum, mjane wa fundi viatu wa pale mjini. Mwana wa Bi Mwantum alikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya ndege Nairobi, naye ndiye aliyempatia mama yake nafasi ya kwenda kumwona mjukuu.

"Ana nini mtoto?" Bi Mwantum aliuliza.

Mektrida akamweleza.

"Mola atamponya. Ndege ni saa moja na kidogo tu. Itakuja saa mbili."

Saa mbili ndege haikuja. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani ukafunika hata mwisho wa uwanja. Saa tatu Salehe alitoka kibandani akasema ndege haijaondoka Tanga. Saa nne akasema imeondoka. Bwana mmoja wa Kizungu, mchunguzi wa miamba, alifika kwa gari na masanduku matatu ya mbao, wapagazi wawili kwa kila sanduku, akaketi benchini akafungua gazeti. Mektrida alipotaka kwenda haja, aliambiwa choo kile si chake, avuke waya aende vichakani. Alikwenda na mtoto mgongoni na mawe kiunoni, akiinama kwa shida, na alipokuwa huko alisikia mlio angani akakimbia kurudi. Ilikuwa pikipiki ya askari.

Saa tano ndege ilionekana kweli, ndogo, ya injini mbili. Ikashuka, ikakaribia nyasi, ikapaa tena kwa kishindo. Kundi la mbuzi lilikuwa limeingia uwanjani. Salehe alitoka mbio akipunga kitabu chake. Ndege ilizunguka mara tatu, na kila mara Mektrida alidhani inaondoka moja kwa moja. Ilipogusa ardhi, gurudumu moja likapasuka.

"Nusu saa," Salehe alisema. Nusu saa hiyo ilifika saa saba.

*

Katikati ya kungoja huko ndipo Mektrida alipogundua kwamba hasikii kitu.

Rubani na fundi wake walikuwa wakigonga chuma kule kwenye ndege. Jua lilikuwa limewaka. Eliona alikuwa amelala mapajani mwake, mdomo wazi. Mektrida alingoja kikohozi. Akangoja tena. Jina la mtoto likakataa kumtoka.

"Mwinue," Bi Mwantum alisema. "Usimwache chali. Mwinue."

Walimkalisha. Kichwa kikaanguka mbele. Bi Mwantum akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na ya tatu mtoto akakohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi ndani yake. Kule nje ya uzio Sirili alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili bila kujua kwamba miiba imemwingia.

"Damu hiyo," Yakobo alimwambia. Mbali na "Shikeni vizuri", hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Uru.

*

Gurudumu lilipokwisha kutengenezwa, rubani alikuja kibandani, akaangalia kitabu, akatikisa kichwa. Walisemezana na Salehe kwa Kiingereza. Kisha Salehe akaja kule ghalani, na hakuja kwa haraka.

"Mama, ndege imezidi uzito. Ratili thelathini."

"Imezidi nini?"

"Asubuhi ingeruka nazo. Sasa jua limewaka, na jua likiwaka ndege hainyanyuki na mzigo uleule. Na hawezi kungoja jioni, giza litamkuta angani. Lazima kitu kibaki."

Bi Mwantum akaelekeza kidevu benchini. "Yale masanduku je? Yana nini?"

"Mawe."

Mektrida alishtuka, akashika kiuno.

"Mawe gani?" Bi Mwantum aliuliza.

"Mawe tu, bibi, ya mlimani. Yanakwenda Ulaya kuchunguzwa. Yamelipiwa." Salehe alikwepa macho yake. "Mama, wewe utabaki, umfuate Jumamosi. Mtoto ni mwepesi, ataenda na Bi Mwantum, na mtu wa hospitali atawapokea."

"Kwa nini mimi?"

"Nauli yako ndiyo iliyoandikwa mwisho."

Mektrida alitazama uso wa mtoto. Eliona hakujua Kiswahili, alijua Kichagga tu. Akisema kule juu kwamba hawezi kupumua, nani atamwelewa? Na nani atakayesikiliza kikohozi? Woga ulimjaa hata akaona giza. Dawa ilikuwa kiunoni mwake, tena ilikuwa ikimchubua, lakini hakuijua kuwa ni dawa. Aliona kinyume: wakiyagundua mawe atakuwa mwizi wa mizani, na mwizi hutolewa yeye na gunia lake.

Maneno hayo yalikuwa yamemfikia Sirili. "Bwana karani," aliita kupitia waya. "Nisomee hesabu."

"Mzee, hesabu imekwisha."

"Mimi ni mpimaji. Nisomee."

Labda ni ile sauti, au labda kijana aliona haya. Alifungua kitabu. "Mama na mtoto, ratili mia moja sabini na moja. Kikapu na kibuyu, kumi na tano."

Sirili hakuhitaji karatasi. Noeli iliyopita, kwa mzaha, alimpandisha mkewe kwenye mizani ya chama: mia moja na kumi na sita. Jumatatu daktari alimpima mtoto: thelathini na nne. Jumla mia moja na hamsini. Nguo na viatu, tano. Zilibaki ratili kumi na sita zisizo na mwenyewe. Alimtazama Mektrida, akaona anavyokaa, mgongo umenyooka na mkono hautoki kiunoni. Miaka tisa alikuwa akiwatambua watu kwa kusimama hivyo hivyo kando ya magunia yao.

Alijua. Na ukweli lazima usemwe: alinyamaza. Yakobo alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Neno moja tu, na kufikia jioni Uru nzima ingejua kwamba mke wa mpimaji ametia mawe kwenye mizani ya serikali. Alijiambia kwamba mtoto atakwenda, na hilo ndilo kubwa. Mama atafuata Jumamosi. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara zote mbili alijua anajidanganya.

Salehe alimtoa Eliona mikononi mwa mama yake akamkabidhi Bi Mwantum. Mtoto alitazama uso asioujua, akafungua mdomo alie. Kilio kikaingia kisitoke. Macho yalimtoka, kifua kikapanda kikasimama hapo hapo. Hapakuwa na kilio wala kikohozi. Sirili alihesabu bila kutaka: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya tano ukatoka mluzi, kisha kikohozi.

"Mpime tena," Sirili alisema.

"Mzee, tafadhali."

"Mpime tena mke wangu. Mama Eliona, una nini kiunoni?"

Mektrida aliinamisha kichwa. "Baba Eliona, usiniulize mbele za watu."

"Nakuuliza. Yatoe."

"Watanirudisha na mtoto."

Bi Mwantum, mtoto begani, alimsogelea. "Nani atakurudisha?"

"Si wanarudisha wepesi?"

"Wepesi?" Bi Mwantum alipoelewa hakucheka. "Mwanangu, hapa wanarudisha wazito. Mficha uchi hazai. Kama una kitu, kitoe sasa hivi."

Mektrida alisimama. Aliingiza mkono chini ya koti, akahangaika na fundo lililokazwa na jasho. Kitambaa kikaachia, mawe mawili yakaanguka miguuni mwa rubani, aliyekuwa amekuja kuona kinachowachelewesha, mengine akayashika tumboni kwa mikono yote miwili. Benchini gazeti liliteremka. Bwana wa miamba akaja, akaokota jiwe moja, akaligeuza upande huu na huu, akaona ni jiwe la kawaida, akampa Mektrida mkononi; la pili akaliokota mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mektrida, na aliona haya kuliko siku zote za maisha yake.

Aliyapeleka uziani apate pa kuyaweka. Mikono ya Sirili ilikuwa bado imeshika waya. Yakobo ndiye aliyepitisha mkono kwenye waya. Aliyapokea moja moja, yote saba, akayapanga chini ya nguzo.

Mektrida alivua koti, akavua na gauni la juu. Akavua viatu. Akasukuma kikapu na kibuyu kando, hakuna aliyemwambia. Alipanda kwenye mizani pekupeku na gauni moja, mtoto akirudishwa mgongoni, mkanda wa michubuko ukionyesha damu kwenye gauni. Salehe alisukuma kijiwe cha chuma, akakirudisha, akakirudisha tena. Rubani akainama akajisomea mwenyewe.

"Twende," rubani alisema kwa Kiswahili.

*

Ndege ilikimbia nyasi zote za uwanja, na palipobaki hatua chache tu ndipo ilipoacha ardhi. Ilipita juu ya vichaka karibu sana, ikapanda polepole, ikaingia wingu upande wa magharibi wa mlima. Ilikuwa saa nane.

"Utajuaje kama wamefika?" Yakobo aliuliza.

"Karani amesema redio italeta neno."

"Basi tungoje."

Walikaa kwenye kivuli cha lori, mawe na koti na kikapu kati yao. Sirili alijaribu rozari, lakini vidole vilikuwa na damu iliyokauka na hesabu ikampotea. Kila alipofumba macho aliona kile kifua kilichopanda kikasimama. Saa moja nzima walikaa hivyo.

"Yakobo," alisema mwishowe. "Lile jiwe lako la mwaka jana."

"Achana nalo."

"Huenda lilitoka chanjani tu. Sikukuuliza."

Yakobo aliokota jiwe moja la Mektrida akalipima kiganjani. "Nililitia mwenyewe. Mama alikuwa anaumwa, nami niliona gunia halitoshi. Ulipima sawa." Alilirudisha chini. "Ila nilikuletea isale."

"Uliniletea."

"Ukanifungia mlango."

"Nilikufungia." Sirili alimgeukia. "Nimekosa, ndugu yangu. Sina jani hapa, lakini nimekosa. Kama ni kwa ajili ya hilo mtoto wangu—"

"Nyamaza," Yakobo alisema, si kwa ukali. "Usinitwike hilo. Punje ni punje. Nilipokea mawe ya mkeo, hukuona?"

Sirili alikuwa ameona. Aliitikia kwa kichwa.

Saa tisa na nusu mlango wa kibanda ulifunguka. Salehe alikuja na karatasi mkononi, na kwa kuwa alikuja akitembea, si kukimbia, Sirili alisimama akingoja neno baya. Alitaka kumwambia kijana asiifungue karatasi hiyo, arudi nayo, wangoje kidogo.

"Wametua," Salehe alisema. "Mtu wa hospitali alikuwapo, wameondoka naye na gari."

"Na mtoto?"

Salehe alitazama karatasi. "Rubani analalamika, mzee. Anasema hakusikia injini yake. Mtoto amekohoa njia nzima, mpaka wanaingia kwenye gari bado anakohoa."

Sirili alishika waya palepale penye miiba.

"Soma tena," alisema.

Salehe akasoma tena.